Somo la Jumamosi: mikono na madirisha
Habari za asubuhi wapendwa. Jumamosi saa 3 asubuhi tunaanza somo la maambukizi, hapahapa Mafinga.

Najua baridi ya Juni inauma, lakini tafadhali tusifunge madirisha yote ya wodi. Mgonjwa wa kifua kikuu akikohoa, vimelea huelea hewani kwa saa kadhaa. Wagonjwa waongezewe blanketi, hewa ipite. Mwenye kikohozi cha wiki 2 apewe barakoa mlangoni, asisubiri foleni na wenzake.

Na glavu jamani! Zikishika kidonda, kisha kitasa, kisha kalamu ya daftari, hapo tumesambaza ugonjwa sisi wenyewe. Ukimaliza na mgonjwa mmoja, vua, nawa kwa sabuni sekunde 40 hadi 60, vidole gumba visisahaulike.

Wa zamu ya usiku, naombeni mje na maswali yenu.