Mshono ulifumuka nami nina magunia ya dagaa nyumbani

Mhariri,

Naomba nafasi. Mimi ni muuza dagaa sokoni hapa Morogoro, na nina neno kuhusu wagonjwa wanaopasuliwa tumbo kwa dharura.

Mwaka jana mdogo wangu, dereva wa bodaboda, aliumwa homa wiki tatu. Alikuwa akimeza vidonge vya dukani na kurudi barabarani, kula kwake chai na andazi. Usiku mmoja tumbo likakakamaa kama ubao. Hospitali, ambayo siitaji kwa kuwa sikuja kumchongea mtu, wakampasua usiku ule ule. Taifodi ilikuwa imemtoboa utumbo. Wakaziba tundu, wakasafisha usaha, wakamshona. Hapo sina lawama.

Daktari aliporuhusu ale, nikaanza kupeleka uji mweupe wa sembe, mwepesi, sukari tele, maana kwetu mgonjwa hupewa laini. Mchana uji tena na soda, jioni chai. Siku ya tisa mshono ukafumuka. Bendeji ilipofunguliwa niliona nyama imepauka, haina dalili ya kushikana. Wifi yangu akaanza kunong'ona kwamba kuna mkono wa mtu.

Nesi wa zamu ya usiku akafungua hotpoti yangu, akakoroga kwa kijiko. "Dada, humu kuna nini zaidi ya maji na sukari?" Akanipigia hesabu: aliyepasuliwa anahitaji kama gramu moja na nusu ya protini kwa siku kwa kila kilo ya mwili wake. Mdogo wangu tulimkadiria kilo 50, kwa hiyo gramu 75. Yai moja lina kama gramu 6. Mwili usipopewa, akasema, unajila misuli yake wenyewe, na kidonda kinabaki wazi. Kisha akaniuliza nafanya biashara gani. Nilipomjibu alicheka, nami nikatamani sakafu inimeze. Dagaa aliyekauka vizuri, zaidi ya nusu ya uzito wake ni protini!

Kuanzia kesho yake nikawachambua, nikawaosha, nikawaanika tena na kuwasaga laini, nikawa natia kwenye uji pamoja na karanga na maziwa. Mayai pembeni. Kidogo kidogo, mara sita kwa siku. Kidonda kilifunga baada ya wiki tano.

Sasa naomba kuuliza. Mwanangu nikimpeleka kliniki hutundikwa kwenye mizani na kilo zake huandikwa kwenye kadi. Mdogo wangu alilala wodini siku zote zile bila kupimwa uzito hata mara moja. Kama hawezi kusimama, si upo ule utepe wa kupimia mkono? Anayepasuliwa kwa miadi anaweza kuambiwa aende akale kwanza, arudi akiwa na nguvu. Wa dharura anaingia na njaa yake ya wiki tatu. Kwake nafasi ya kumlisha ni baada ya kisu tu.

Na ile karatasi ya kuruhusiwa iliandikwa dawa, tarehe ya kurudi, na asibebe mizigo. Kuhusu chakula: "ale mlo kamili." Mlo upi, kwa mtu ambaye pikipiki yake imelala miezi miwili? Waandike mayai mangapi na dagaa vijiko vingapi. Kuhesabu vijiko najua.

Mama Neema,
Morogoro