Barua ya wazi kwa madaktari vijana wanaotaka kuacha tiba

Wanangu madaktari,

Nasikia baadhi yenu mnajiandaa kuvua makoti meupe ili mwingie kwenye sheria, siasa au jeshi, kwa kuwa mmechoka kutibu madhara ambayo chanzo chake kiko nje ya hospitali. Siwazuii. Ninachoomba ni mmtazame kwa makini Joseph Warren, daktari wa Boston aliyeuawa katika vita vya uhuru vya Marekani dhidi ya Uingereza, ambaye husifiwa sana kwa namna alivyokufa, huku yaliyowapata aliowaacha yakipitiwa harakaharaka.

Warren alizaliwa mwaka 1741, akasoma Harvard, na ndui ilipoikumba Boston mwaka 1764 alikuwa miongoni mwa matabibu waliowachanja watu. Mtoto wa mwanasheria John Adams, John Quincy, alipovunjika vibaya kidole cha shahada, Warren ndiye aliyekiokoa kisikatwe. Mtoto huyo, aliyekuja kuwa Rais wa Marekani, alilikumbuka jambo hilo hadi uzeeni.

Hakuwahi kuwa wakili, lakini mwaka 1774 aliongoza uandishi wa Maazimio ya Suffolk, yaliyowataka wananchi wasiwatambue majaji walioteuliwa chini ya sheria mpya za Bunge la Uingereza. Usiku wa tarehe 18 Aprili 1775 aliwatuma Paul Revere na William Dawes kuwaonya watu wa nje ya mji kwamba askari wa Uingereza wanatoka Boston kuwaendea. Tarehe 14 Juni akachaguliwa kuwa meja jenerali. Siku tatu baadaye alifika kwenye ngome ya Breed's Hill, kilima karibu na Boston, akakataa kupokea uongozi wa mapambano, akapigana kama askari wa kujitolea mpaka baruti ilipowaishia wenzake naye akapigwa risasi ya kichwa, akiwa na umri wa miaka 34. Waingereza walipoondoka Boston mwaka uliofuata, maiti yake ilifukuliwa, na Revere, mfua fedha aliyetengeneza pia meno ya bandia, akamtambua kwa jino alilokuwa amemfungia kwa waya.

Wasimulizi wengi huishia hapo. Mimi nawataka mwendelee, kwa sababu mkewe Elizabeth alikuwa amefariki mwaka 1773 na kumwachia watoto wanne. Baba yao alipouawa walitunzwa na Mercy Scollay, aliyekuwa mchumba wake, naye ilimbidi kuhangaikia fedha za matunzo yao. Mwaka 1777 Kongresi, yaani bunge la Wamarekani, iliazimia kumsomesha kifungua mimba wa kiume. Mwaka uliofuata Benedict Arnold, jenerali wa Wamarekani (ndiyo, yuleyule aliyekuja kuwasaliti wenzake kwa Waingereza), alichangia dola 500. Ilikuwa mwaka 1780 ndipo Kongresi ilipokubali watoto walipwe nusu ya mshahara wa meja jenerali hadi mdogo wao atakapokua. Miaka mitano ilikuwa imepita tangu baba yao afe, na mtoto hali chakula cha miaka mitano iliyopita.

Ujasiri wake siutilii shaka, ila kwa maoni yangu mzazi pekee wa watoto wanne alipaswa kuyapanga ya nyumbani kwanza. Kwa hiyo, kabla hujawasilisha barua ya kuacha kazi, mlezi wa watoto ajulikane na akubali mwenyewe, wagonjwa wako wakabidhiwe kwa daktari mwenzako pamoja na mafaili yao, na wosia utiwe saini mbele ya mashahidi. Wanaokwenda kusomea sheria msijione mmesamehewa, maana mnaingia miaka ya ada bila mshahara, na watakaobanwa ni haohao wanaowategemea leo.

Wenu katika tiba,
Mzee wenu, daktari mstaafu