Pistoni zangu zimo kwenye beseni

Tanga, Jumapili usiku

Ndugu yangu Mbwana,

Asalaam aleikum. Natumai u mzima, na shemeji na watoto pia. Sisi huku hatujambo, mgonjwa ni gari tu, linakula oili na kutoa moshi. Najua utasema Hamza haandiki mpaka awe na shida. Haya, ninayo.

Injini imefunguliwa. Pistoni nne zimo kwenye beseni la kufulia la mama Zuhura, zimefunikwa kanga yake, na tangu juzi ananisemesha kwa kupitia watoto.

Unakumbuka tulivyorudi kwenye msiba wa Bi Tatu, pale Segera ukanicheka kwamba nanunua oili kuliko petroli? Mwenzio nilicheka kwa meno tu. Tangu siku ile nimezunguka kwa mafundi watatu. Wa kwanza akaniambia weka oili nzito, 20W-50, itatulia. Moshi ukapungua wiki mbili, kisha mambo yakawa yale yale, ila asubuhi injini inaamka kwa kuguna kama mzee wa baridi yabisi. Wa pili akasema inavuja. Tukaiosha yote, tukatandika boksi chini usiku kucha: boksi kavu, hata tone. Wa tatu akapima kompresheni, yaani ule mbano wa hewa ndani ya silinda, zote nne zikatoka sawa, akanipa mkono wa hongera. Nikalipa, nikafika nyumbani, nikachomoa kijiti cha kupimia: oili haifiki hata alama ya chini!

Ndipo nikachukua daftari la hesabu la Zuhura, kurasa za nyuma. Kila asubuhi napima injini ikiwa baridi, gari limeegeshwa barazani kwa mzee Kombo, maana uani kwangu pana mteremko na kijiti kinadanganya. Nilijaza hadi alama ya juu, nikaandika kilomita. Zilipotimia 1,000, nilikuwa nimeshaongeza lita moja na robo. Wapo watengenezaji wanaosema hata lita 1 kwa kilomita 1,000 si ugonjwa. Labda wao oili hawainunui. Na taa nyekundu haikuwaka hata siku moja, kwa sababu ile ni taa ya presha, si ya kipimo. Ukiingoja ikuambie oili imepungua, umeshaua injini.

Aliyenitoa gizani ni mzee mmoja wa Ngamiani, gereji yake mwembe na benchi. Hakushika spana. Aliuliza kwanza: moshi wa bluu unatoka asubuhi ukiwasha tu, halafu unakata? Hapo angeshuku sili za valvu, vile vipira vinavyozuia oili isishuke kwenye silinda. Nikamwambia hapana, unatoka nikikanyaga mafuta kupanda kilima. Akachomoa ile valvu ndogo ya kupumulia injini, akaitikisa sikioni, ikalia kachakacha: nzima. Akatoa plagi, ya tatu imelowa, nyeusi tii. Nikamtajia kompresheni nzuri, akacheka. Pistoni ina ringi tatu, akasema, mbili za juu ndizo zinazoshika kompresheni, ya chini kazi yake ni kukwangua oili. Ya chini inaweza kufa na geji isikwambie kitu.

Tulijaribu kwanza kumimina dawa ya kaboni kwenye matundu ya plagi, ikalala usiku mzima, tukamwaga oili tukaweka mpya. Ilisaidia kidogo, si ya kujisifia. Tukafungua. Mbwana, niliisukuma ile ringi kwa ukucha, haikutikisika. Imegandana na mfereji wake, na vile vitundu vya kurudishia oili vimezibwa kwa kaboni ngumu kama ukoko wa chungu. Mzee akaniuliza huwa nabadilisha oili kila baada ya muda gani. Nikajibu nikikumbuka. Hakunijibu kitu, akaendelea kuchokonoa.

Sasa ombi. Nenda Gerezani, huko huko Dar, uninunulie ringi, seti nzima ya pistoni nne, saizi standadi, ile ya kiwandani. STANDADI, ndugu yangu. Silinda zimepimwa, hazichongwi, ile mistari yake ya kupishana iliyochorwa kiwandani bado inaonekana. Muuzaji akikwambia kubwa kidogo ndiyo inabana zaidi, toka dukani. Na sili za valvu 16 pamoja na gasketi ya hedi, maana kufungua mara mbili sitaki, na mama Zuhura hatanivumilia. Nakutumia kwa simu picha ya namba ya injini, muuzaji aisome mwenyewe, usimtajie mwaka wa gari.

Fundi anangoja Alhamisi. Beseni linangojwa tangu Ijumaa.

Deni la Idi sijalisahau, nitalituma pamoja na hela ya ringi. Usianze.

Je, yule kijana wa basi la asubuhi bado anachukua mizigo, au nimtafute mwingine? Utapata nafasi Jumanne? Na lile gari lako bado linatoa ule moshi tuliousingizia petroli mbaya? Umepima oili lini mara ya mwisho, kwa kijiti, si kwa kuuliza fundi? Shemeji alijifungua, au mimi ndiye nisiyeambiwa kitu? Na Kiroboto amerudi Muscat kweli, au ni maneno ya barazani?

Nijibu upesi, hata kwa mstari mmoja.

Ndugu yako,
Hamza