Kwa vijana wa pembezoni mwa reli, kutoka Chita hadi Uchindile: mashamba msiyauze

Wajukuu zangu,

Nawasalimu nyote, wa Chita, wa Mlimba, na ninyi wa Uchindile ambao masika ikikolea tegemeo lenu ni treni. Kinachonifanya niandike ni habari ninazozisikia kila nikikaa barazani: fulani kauza ekari mbili za mpunga, na mwenzake yuko mbioni kuuza. Ukiuliza sababu unaambiwa mwekezaji wa reli anakuja, ajira zitamwagika, jembe la nini tena?

Jambo lenyewe ni la kweli. Septemba 2025 Tanzania na Zambia zilitia saini na kampuni ya Kichina, CCECC, mkataba wa miaka 30 wa kuifufua na kuiendesha TAZARA, reli yetu hii itokayo Dar es Salaam hadi Zambia, thamani yake dola bilioni 1.4. Nimefurahi sana, maana hiyo ndiyo reli niliyoibebea kokoto ujanani.

Lakini ajira za ujenzi nazijua. Kuanzia 1970 vijana walimiminika kutoka kila mkoa, kambi zikajaa, fedha ikazunguka. Kipande cha Mlimba hadi Makambako ndicho kilichotutoa jasho, sisi na Wachina: kilomita zipatazo 158, mahandaki 18, na pale Mto Mpanga nguzo za daraja zenye kimo cha kama mita 50. Mwaka 1975 reli zikafika mwisho wake Kapiri Mposhi, Zambia, 1976 njia ikakabidhiwa rasmi, na kwa vibarua wengi mshahara ukaishia hapo. Walioweza kuoa na kujenga ni wale waliokuwa wamefyeka shamba bondeni kazi ikiendelea.

Vijiji vyetu vingi navyo vilisogezwa karibu na reli miaka ile ya operesheni vijiji. Tukalima, treni ikabeba. Mizigo mikubwa, mingi yake ya Zambia, ilipanda na kushuka. Mwishoni mwa miaka ya 1970 ilizidi tani milioni moja kwa mwaka, na kufikia 2014/15 haikufika hata laki moja. Miaka yote hiyo stesheni zetu hazikufa, na waliozifanya ziishi ni mama zenu. Mmewaona wenyewe treni ikiingia usiku: mama yuko chini ya dirisha la behewa la daraja la tatu, mkungu wa ndizi begani, noti ya abiria kaibana kwa meno, huku anapekua pindo la khanga kutafuta chenji, na treni imeshaanza kuondoka. Mchele wa bonde ulipanda Makambako, viazi na maharage yakashuka kwetu. Karo za shule zilitoka humo, hata za baadhi yenu mnaouza leo.

Kwa hiyo ajira ikija, ombeni, fanyeni kazi kwa bidii, jifunzeni ufundi. Shamba libaki. Reli ikitengemaa na treni zikapita kwa wakati, mwenye mpunga ndiye atakayekuwa na cha kupakia. Aliyeuza atabaki kumbebea mwingine magunia, kwenye ardhi iliyokuwa ya babu yake.

Na wale wachache wanaofungua vyuma vinavyoshikilia reli kwenye mataruma na kuviuza kama chakavu, waache mara moja, na mkiwajua watajeni. Juu ya reli hiyo wanapita mama zenu.

Mkutano mkuu wa kijiji ukiitishwa, nendeni. Dai hati za hakimiliki ya kimila, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inawapa haki hiyo, na jina la mke liandikwe pamoja na la mume. Ulizeni pia mpaka wa hifadhi ya reli, yaani ardhi ya reli iliyo kando ya njia, unapita wapi kabla hujachimba msingi wa kibanda. Shamba la kijijini haliuzwi kwa mtu wa nje kienyeji tu, bila idhini ya halmashauri ya kijiji. Dalali anayekuharakisha usaini usiku analijua hilo. Aliyekwisha kupokea malipo ya awali na bado hajasaini, aje tuongee na wazee wenzangu kabla ya mkutano.

Babu yenu, mstaafu wa reli,
Mlimba