Kwa Zuhura: namna ya kubaki ndani ya Tau Beta Pi ukiwa Tanga

Minneapolis, Minnesota

Mpwa wangu Zuhura,

Marahaba. Salamu zako zimefika, na mwambie mama yako nitampigia Ijumaa baada ya swala. Barua hii ni yako, maana swali ulilouliza halijibiki kwa ujumbe wa simu.

Umeuliza hivi: umerudi nyumbani na shahada yako ya uhandisi wa ujenzi, Tau Beta Pi, kile chama cha heshima cha wanafunzi bora wa uhandisi kilichokupokea ukiwa mwaka wa tatu chuoni Marekani, hakiachi kukuandikia, je, mtu aliye Tanga anaweza kukifaa kwa lolote zaidi ya kutuma hela? Anaweza, tena hela nimeiweka mwishoni. Kinachokosekana kwenye matawi ya vyuoni ni kumbukumbu. Viongozi ni wanafunzi. Wanashika madaraka Aprili au Mei, mwaka haujapinduka wamehitimu, na kila walichojifunza kwa taabu kinaondoka nao. Wanaofuata wanaanza tena na alifu. Mhitimu hahitimu mara ya pili, ndiyo maana anahitajika.

Kwa faida ya mama yako, ambaye najua anaisoma hii juu ya bega lako: Tau Beta Pi ilianzishwa mwaka 1885 katika Chuo Kikuu cha Lehigh, Pennsylvania, na Edward H. Williams, mwalimu wa uhandisi wa madini. Phi Beta Kappa, chama kikongwe cha tangu 1776, kilikuwa cha watu wa fasihi na sayansi, na mhandisi hata akiongoza darasa hakuwa na mlango wa kuingilia. Anayefikiriwa leo ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu aliye katika sehemu moja ya nane ya juu ya darasa lake, au wa mwaka wa mwisho aliye katika sehemu moja ya tano ya juu, na hata hapo tabia nayo hutazamwa. Wanawake walipewa uanachama kamili mwaka 1969 tu; kabla ya hapo aliyestahili alipewa beji yake ya pembeni. Ile pini yako ni umbo la kiunzi kimoja cha miguu inayobeba daraja la reli la kizamani. Peke yake hakivushi treni, ila kikitoka daraja linalala.

Sasa kazi.

Anza na anwani. Vyuo hufunga barua pepe ya mwanafunzi akishahitimu, vingine baada ya miezi michache, vingine baada ya mwaka, na wahitimu wengi hupotelea hapo hapo pasipo kutaka. Ingia kwenye taarifa zako za makao makuu, yaliyo Knoxville, Tennessee, uweke anwani yako binafsi, jina la tawi lililokupokea, na mwaka. Ukiolewa ukabadili jina, acha na lile la zamani lionekane, vinginevyo siku unahitaji uthibitisho wa uanachama kwa ajili ya maombi ya shahada ya pili hawatakuona. Uanachama wenyewe ni wa maisha. Ada ulilipa siku ya kuingia ikaisha.

Halafu liandikie tawi. Usimwandikie mwenyekiti uliyemjua wewe, huyo keshaondoka. Tumia anwani ya jumla ya tawi, na nakala kwa mwalimu mlezi, ambaye ndiye anayekaa miaka. Wakati wake ni wiki ya mwisho ya Agosti au ya kwanza ya Septemba, muhula unapofunguliwa na kalenda bado ina nafasi. Ukikosa hapo, subiri katikati ya Januari. Barua ya Novemba inakuta mitihani. Ya Mei inakuta watu wanafunga mabegi.

Kosa la karibu kila mhitimu ni kuandika “nipo tayari kusaidia kwa chochote”. Mwanafunzi wa miaka 20 akisoma hivyo hajui akutume nini, anaogopa kukusumbua, anaiacha barua ikae. Toa kitu kimoja chenye tarehe na muda. Mistari mitano inatosha: wewe nani na uliingia mwaka gani, unafanya kazi gani sasa, unachotoa (tuseme saa moja ya mazoezi ya usaili kwa wanafunzi wanne), siku mbili unazoweza, na ombi kwamba wakujibu hadi tarehe fulani. Wasipojibu kwa siku kumi, kumbusha mara moja, kisha mpigie mlezi. Ukimya wao mara nyingi ni sanduku la barua lisilo na mwenyewe, kwa sababu nywila aliondoka nayo katibu wa mwaka jana. Usiuchukulie kuwa dharau.

Kuhusu saa, hapa ndipo watu wa nyumbani hukwama. Chuo chako kiko mashariki ya Marekani. Kuanzia Jumapili ya pili ya Machi hadi Jumapili ya kwanza ya Novemba, Tanga iko mbele kwa saa 7. Miezi mingine kwa saa 8. Vikao vya tawi hupenda kuanza saa moja jioni yao, ambayo kwako ni saa nane usiku, na wakirudisha saa zao Novemba inakuwa saa tisa. Usijitie ushujaa wa kukesha, utafanya mara mbili utaacha. Omba mchana wao: saa sita kamili, wakati wa chakula, ni saa moja jioni kwako, au saa mbili usiku majira ya baridi. Na katika maandishi weka saa zote mbili, yao na yako, kwa mtindo wao wa 12:00 na 7:00, maana ukiandika kwa hesabu yetu ya Kiswahili utajikuta hewani peke yako.

Kazi inayozaa kuliko zote kwa mtu wa mbali ni kumlea mwanafunzi mmoja mmoja. Chukua wawili kwa muhula, wasizidi. Mazungumzo matatu ya dakika 40 yanatosha. La kwanza, anataka kwenda wapi. La pili, wasifu wake. La tatu, usaili wa majaribio. Wasifu akuletee siku tatu kabla, ukurasa mmoja. Ugonjwa wao unafanana: wanaandika “nilishiriki katika mradi wa daraja” bila kipimo. Mwulize alikokotoa nini, urefu gani, mzigo gani, kwa programu ipi, na nani aliyakagua mahesabu yake. Akijibu “nilikokotoa mzigo wa sakafu ya daraja la mita 18” umempatia sentensi ya kuajiriwa. Usimwahidi kazi usiyoishika mkononi. Wala usiombe alama zake kwa tawi au kwa ofisi: sheria ya Marekani ya mwaka 1974 kuhusu rekodi za wanafunzi inawafunga midomo, na hata mlezi akikupenda vipi hawezi kukupa. Mwanafunzi akitaka kukuonyesha, ataleta mwenyewe.

Kuna na mtihani wa FE, ule wa awali wa leseni ya uhandisi unaosimamiwa na NCEES, baraza la Marekani la mitihani ya wahandisi na wapima ardhi, maswali 110. Wewe umeufanya karibuni, bado una joto lake. Tawi likiandaa vipindi vya marudio, omba kimoja tu, statiki au mekanika ya udongo, na ukifundishe huku kitabu cha rejea cha NCEES kimefunguliwa kwenye skrini. Mtahiniwa haruhusiwi kingine chumbani, na anakisoma kwenye kompyuta. Wengi huangushwa na kutafuta fomula kwa dakika nne wakati swali lina wastani wa chini ya dakika tatu. Kuwafundisha ukurasa upi una nini ni nusu ya msaada.

Sasa niende kwenye lile la kumbukumbu, ambalo halina picha wala makofi. Waombe viongozi wanaotoka, mwezi wa Machi, wakuandikie jalada la makabidhiano, nawe ulisome kama mgeni na kuwauliza pale usipoelewa. Liwe na kalenda ya mwaka mzima. Tarehe ya mwisho ya kupeleka orodha ya wateule makao makuu kabla ya hafla ya kuwapokea. Pini na vyeti huagizwa wiki ngapi kabla. Ukumbi huombwa kwa nani. Bajeti iliyopangwa na iliyotumika kweli, zikae jirani. Majina ya wanaotia saini benki. Hilo la benki limeua shughuli nyingi: waliotia saini wote wamehitimu, mmoja yuko Texas, mwingine hapokei simu, na fedha za tawi zimelala hadi Oktoba huku mweka hazina mpya akinunua vitafunwa kwa hela yake. Saini zibadilishwe Aprili, wakati wa zamani na wa mpya wote wapo mjini. Na jalada lisihifadhiwe kwenye akaunti ya mwanafunzi. Akaunti ikifutwa, jalada limekwenda nayo. Likae kwenye akaunti ya tawi, mlezi akiwa mwenye funguo.

Humo humo waulize nani anajaza Fomu 990-N. Ni tamko fupi la mtandaoni kwa mamlaka ya kodi ya Marekani, la taasisi zisizo za biashara ambazo mapato yao kwa kawaida hayazidi dola 50,000 kwa mwaka. Hujazwa kabla ya siku ya 15 ya mwezi wa tano baada ya mwaka wa fedha kufungwa. Mwaka ukifungwa Juni 30, mwisho ni Novemba 15. Ni kazi ya dakika chache, ila ikirukwa miaka mitatu mfululizo msamaha wa kodi unafutika wenyewe, pasipo mtu kuukata. Utaona mtego ulipo: miaka mitatu ni viongozi watatu, na kila mmoja aliamini ni kazi ya mwenzake. Wewe weka ukumbusho kwenye simu yako, Oktoba mosi kila mwaka, uwaulize kama imejazwa au kama makao makuu yanawajazia.

Hela, basi. Usitume dola 20 kwa hawala ya benki, ada ya kutuma inaweza kuzila zote. Kusanya, ulipe mara moja kwa mwaka kwa kadi kwenye ukurasa wa michango, na utaje kwa maandishi tawi lako na matumizi, mfano ada ya kuingia ya mteule asiyejiweza. Mchango unaopelekwa kwa chuo pasipo maelekezo huishia kwenye mfuko wa jumla, na tawi halitausikia. Risiti yao ina faida ya kodi kwa anayelipa kodi Marekani. Kwako ni karatasi. Lakini wenzako mliohitimu pamoja walioajiriwa huku waambie waulize kazini kama mwajiri anaongeza mchango: kampuni nyingi hulipa dola kwa dola, ila lazima mfanyakazi mwenyewe ajaze fomu, na wengi hawajazi.

Mkifikiria mfuko wa kudumu wa ufadhili, pigeni hesabu kwanza. Palipo na dola 25,000 na mgao wa asilimia 4, kinachotoka ni 1,000 kwa mwaka, na mtaji hamuugusi tena. Watu kumi wakitoa 100 kila mmoja, hiyo 1,000 imepatikana mwaka huu huu. Kwa rika lenu nisingegusa mfuko wa kudumu.

Mambo mawili usiyafanye. Usiwaombee watoto wa ndugu na jamaa waingizwe, kwani kuchagua ni kwa wanachama walio chuoni, kwa alama na tabia, na neno la mhitimu wa mbali linamharibia mtoto zaidi ya kumsaidia. Na mkikutana wahitimu wa vyama hivi mlioko Tanga, Dar na Mombasa, undeni kundi, lakini msilipe jina wala nembo ya Tau Beta Pi. Tawi la wahitimu hupewa hati na makao makuu. Kujiita hivyo bila hati ni kutumia jina la watu. Liiteni kundi la wahandisi wahitimu, liwe na kazi moja, kama saa mbili za hisabati kwa mwezi kwenye shule moja ya sekondari. Chama chenyewe kina mpango wa namna hiyo kwa watoto wa shule za huku, unaitwa MindSET, unaweza kuuangalia upate mawazo ya mazoezi. Bila kazi, kundi la WhatsApp likifika mwezi wa pili linakuwa la picha za “habari za asubuhi”.

Gazeti lao, The Bent, endelea kulipokea. Mikutano mikuu ya kila mwaka iache kwa sasa, nauli yake inatosha ada za kuingia za wateule kadhaa.

Barua yako ya kwanza iandike kwa Kiingereza, uniletee kabla ya Agosti 20 niipitie. Iwe ya mistari mitano kama nilivyosema. Nakujua kwa kuandika.

Nisalimie bibi, na mama yako mwambie simu ni ya Ijumaa.

Mjomba wako