Tukiulizwa "kifungu gani?" tuwe na jibu

Mhariri,

Wiki jana msomaji wako mmoja aliandika kwamba vyama vya wafanyabiashara hapa Nairobi vina kazi mbili tu: kukusanya ada ya mwezi na kununua soda za mkutano wa mwaka. Mimi ni katibu wa chama cha aina hiyo, upande wa Kamukunji. Nilipoisoma barua yake kwanza nilikasirika, kisha nikacheka, maana soda kweli tunanunua. Lakini kuna kazi ya tatu ambayo hakuitaja, na pengine hakuitaja kwa sababu hata sisi wenyewe tuliijua tukiwa tumechelewa. Ni kazi ya kusoma miswada kabla haijawa sheria.

Natengeneza na kuuza masanduku ya bati, yale ya shule. Nina mafundi 5, mikasi ya bati, nyundo zisizohesabika, na masikio ambayo daktari alishaniambia hayatarudi yalivyokuwa. Biashara yangu yote inategemea Januari. Ukipita kwetu wiki wazazi wanaporudisha watoto bweni utaona masanduku yamepangwa hadi barabarani, mekundu, ya buluu, ya kijani, mzazi anagonga kifuniko kwa kiganja kusikia kama bati ni jembamba. Miezi iliyobaki nauza karai na majiko, nangoja Januari nyingine.

Miaka kadhaa iliyopita tulisikia kwamba kuna mswada wa fedha wa kaunti, ule unaopanga ada na kodi, unaotugusa. Tulisikia kwa mwenye mkokoteni. Siku zilizobaki za kutoa maoni zilikuwa 4. Tukachanga, tukamtafuta wakili kijana, jamaa wa mwenzetu, akatuandikia waraka wa kurasa 14. Nakumbuka ulianza na historia: jinsi Rais Moi alivyowatembelea mafundi wa hapa miaka ya 1980, na ahadi za mabanda zilizofuata. Ulikuwa waraka mzuri. Mzee mmoja wetu alitokwa na machozi ukisomwa.

Tulipofika kwenye ukumbi (sitautaja, waliokuwepo wanaujua) nilipewa dakika 3. Nikasema tunaumia. Nikasema ada ni nyingi, watoto wanasoma, bati limepanda. Mwenyekiti wa kikao, mtu mpole tu, akanisikiliza hadi mwisho, akafungua karatasi zake na kuniuliza, "Mama, unazungumzia kifungu gani?"

Sikujua. Nikamtazama wakili, wakili akatazama kurasa zake 14. Ndani yake hapakuwa na hata mstari mmoja uliosema kifungu fulani kifutwe, au kibadilishwe kisomeke hivi. Karani akaandika kitu kifupi sana kwenye daftari lake, akamwita mtu anayefuata.

Namshukuru yule mwenyekiti hadi leo, ingawa siku hiyo nilirudi kwa miguu kutoka mjini hadi Kamukunji kwa sababu sikutaka mtu aniongeleshe kwenye matatu.

Mwaka uliofuata hatukutafuta wakili. Tulipita vibanda 38 tukiwa na daftari la shule, tukamwomba kila mwenye kibanda atoe risiti zake zote za mwaka: leseni, zimamoto, bango, kupakia, takataka. Wengine walizileta kwenye mfuko wa unga, zimekunjwamkunjwa, nyingine zimefutika kabisa kwa jua. Kazi hiyo ilitumeza wiki 3. Tuligundua kwamba ada iliyokuwa ikitukera zaidi, ile ya leseni, haikuwa ndiyo inayotumaliza. Kilichotumaliza kilikuwa sentensi moja iliyomtaka mwenye kibanda alipie kibanda "na" nafasi ya mbele anapotandaza bidhaa. Basi tukaandika kurasa 2. Ukurasa wa kwanza: kifungu hiki, jedwali hili, mstari huu, tunaomba neno "na" liwe "au". Ukurasa wa pili: hesabu za vibanda 38.

Neno likabadilishwa. Mapendekezo yetu mengine mawili yalitupwa na hatukuambiwa kwa nini. Lakini lile neno moja limenirudishia kila mwaka fedha za kununua mabati kadhaa, nami sitaki kusikia mtu akisema hakuna chama kinachofanya kitu.

Sasa, msomaji wako aliuliza swali la haki: mbona basi bei zinapanda? Hapa nitamjibu kwa kirefu kidogo, maana tatizo letu kubwa ni kubisha mlango usiohusika. Mwanachama wetu akiona bati limepanda anakwenda kumlilia diwani. Diwani hana uwezo wowote juu ya bati. Kaunti, kwa Kifungu cha 209 cha Katiba, hutoza kodi ya ardhi na majengo, kodi ya burudani, na ada za huduma inazotoa. Leseni yangu na ada za soko ni zake. Kodi ya ongezeko la thamani na kodi ya mauzo ni za Bunge la Kitaifa. Na ushuru wa forodha kwa bati linaloingia kutoka nje hauamuliwi hata na wabunge wetu peke yao. Uko chini ya Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, na viwango vyake hukubaliwa na mawaziri wa nchi wanachama. Tangu Julai 2022 viko viwango vinne: asilimia 0, 10, 25 na 35. Mtu wa Kamukunji anayetaka kubadilisha mstari kwenye orodha ile hana budi kupitia kwa Hazina ya Kitaifa hapa, au kupitia vyama vikubwa vinavyosikika Arusha, yaliko makao makuu ya Jumuiya, kama Baraza la Biashara la Afrika Mashariki.

Na tukifika huko kwenye vyama vikubwa, mambo yanakuwa na utamu wake. Chama cha Watengenezaji Bidhaa kipo tangu 1959, Chama cha Kitaifa cha Wafanyabiashara na Viwanda tangu 1965. Wana wafanyakazi wanaolipwa kusoma miswada. Nawaheshimu, na nimejifunza kwao namna ya kupanga waraka. Lakini mwenye kiwanda cha bati anataka bati la nje litozwe ushuru mkubwa, na ana sababu zake, ameajiri watu. Mimi ninayelinunua bati nataka liwe rahisi. Tukikaa naye meza moja tukasema "sisi wafanyabiashara", ni nani anasemewa?

Tena nisijifanye mtakatifu. Katika waraka mmoja tuliandika aya ya kwanza tukiomba ushuru wa bati upunguzwe, na aya ya pili tukiomba sufuria na masanduku kutoka nje yatozwe zaidi ili tusiuawe kibiashara. Mtu mmoja ofisini alituuliza, huku anatabasamu, kama tunataka soko huru au tunataka kulindwa. Mwenzangu akajibu haraka, "Vyote viwili, mheshimiwa, kama watu wote." Yule wa ofisini alicheka, lakini alituelewa, na tangu siku hiyo tunaandika wazi kwamba mfumo tunaoutaka ni malighafi chini, bidhaa iliyokamilika juu.

Kuhusu Bunge la Kitaifa, somo letu kubwa lilikuwa kodi ya mauzo, ile inayokatwa kwenye mauzo yote ya biashara ndogo. Sheria ya Fedha ya 2023 iliipandisha kutoka asilimia 1 hadi 3, kwa wenye mauzo ya kati ya shilingi milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka. Kodi hii haiulizi faida. Nikiuza sanduku kwa shilingi 3,000, zamani nilitoa shilingi 30, sasa natoa 90. Januari mzazi wa mwisho wa siku akishanibembeleza, faida yangu kwenye sanduku hilo huenda ni 250. Sasa toa 90. Hesabu hii hata mtoto wa darasa la nne ataifanya, ila haikufika kwenye kamati kutoka kwetu, kwa sababu wakati wa kuifikisha ulikuwa Mei, na sisi tulianza kupiga kelele Julai mafundi walipoanza kuuliza mbona mishahara imechelewa. Baadaye Mahakama ya Rufaa iliibatilisha sheria hiyo, tarehe 31 Julai 2024, na Mahakama ya Juu ikairudisha tarehe 29 Oktoba mwaka huohuo. Katika miezi hiyo mitatu nilipigiwa simu na wanachama kila asubuhi: Katibu, leo tunalipa au hatulipi?

Najua kuna watakaosema kwamba nyaraka hazina maana, barabara ndiyo inayosikika. Watanitajia maandamano ya Juni 2024 ya kupinga Mswada wa Fedha. Siwezi kuwabishia kabisa. Kodi ya mkate na ile ya asilimia 2.5 kwa magari ziliondolewa na kamati tarehe 18 Juni, vijana wakiwa tayari wameanza kujaa mjini, na baada ya waandamanaji kuingia Bungeni tarehe 25 Rais alikataa kutia sahihi mswada mzima. Nilifunga kibanda siku hizo, na mmoja wa mafundi wangu alikwenda mjini akarudi na macho mekundu kwa moshi. Waliokwenda walilipa gharama ambayo mimi na daftari langu hatukuilipa. Ninachosema ni kwamba barabara inaweza kukataa mswada mzima, lakini haiwezi kugeuza "na" kuwa "au" kwenye jedwali la ada. Na ada ndogondogo ndizo zinazorudi kila mwaka, wakati hakuna mtu aliye barabarani. Bunge la kaunti lina siku 90 baada ya kupitisha mswada wa matumizi, ule wa kuidhinisha fedha za bajeti, kuupitisha mswada wake wa fedha. Kwa hiyo tunapopumua Julai tukidhani ya bajeti yamekwisha, ya leseni zetu ndiyo yanaanza.

Hapa ndipo nakuja kwako, Mhariri, maana nisingeandika barua ndefu hivi kwa ajili ya soda.

Vifungu vya 118 na 196 vya Katiba vinataka bunge, la kitaifa na la kaunti, lishirikishe umma. Sawa. Kifungu cha 7 kinasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Kifungu cha 120 kinasema lugha rasmi za Bunge ni Kiswahili, Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya, tena kinaeleza la kufanya ikiwa sheria moja itakuwa na nakala za lugha tofauti zinazopingana: ile iliyotiwa sahihi na Rais ndiyo itakayofuatwa. Walioandika hayo walitarajia siku moja nakala ziwe zaidi ya moja. Mbunge anaweza kusimama akahutubia Kiswahili tangu asubuhi hadi jioni, na huwa tunawasikia redioni. Lakini mswada wenyewe anaoupigia kura unakuja kwa Kiingereza cha mawakili, na tangazo la kutuita tutoe maoni nalo ni hivyohivyo, herufi ndogo, kati ya zabuni na matangazo ya mnada.

Kati ya wanachama wetu 60 na ushee, wanaoweza kuusoma mswada wa fedha ni watatu. Mimi ni wa nne nikiwa na miwani na kamusi. Wengine si wajinga. Kuna mzee wetu anayeweza kuliangalia bati akakuambia ni geji gani bila kuligusa. Mpe sentensi ya mswada kwa Kiswahili, atakuonyesha pale itakapomuumiza kabla wakili hajamaliza kufungua mkoba.

Basi ombi langu ni dogo. Kila mswada wa fedha unapochapishwa, wa taifa au wa kaunti yetu, gazeti hili litenge nusu ukurasa: vifungu vinavyogusa biashara ndogo, kila kimoja na nambari yake, kwa Kiswahili cha sokoni, na chini yake tarehe ya mwisho ya kutoa maoni na mahali pa kuyapeleka. Nambari ya kifungu msiisahau, tafadhali. Ndiyo tutakayoulizwa.

Mkihitaji mtu wa kuisoma rasimu kabla haijachapwa, akawaambia ni wapi fundi atakwama, nipo kibandani kila siku hadi saa kumi na moja jioni. Isipokuwa Januari.

Katibu wa chama cha wafanyabiashara,
Kamukunji, Nairobi.