Cosmos isihukumiwe kwa kisa cha Bruno peke yake

Mhariri,

Tangu Cosmos, mfululizo wa televisheni kuhusu sayansi ya ulimwengu unaosimuliwa na mwanafizikia wa nyota Neil deGrasse Tyson, ulipoanza kuoneshwa nchini Marekani mwezi Machi 2014, watazamaji hawajaacha kubishana juu yake, na mara nyingi ubishi huishia kwenye kisa kimoja cha kipindi cha kwanza: katuni ya Giordano Bruno, aliyechomwa moto mjini Roma mwaka 1600, inayomwonesha kana kwamba aliuawa kwa ajili ya wazo lake kuwa ulimwengu hauna mwisho.

Wanaolalamika, wakiwemo wanahistoria, wana hoja ya haki. Bruno alikuwa mtawa na mwanafalsafa, hakuwa mtafiti wa nyota, na mashtaka kuhusu Utatu Mtakatifu na uungu wa Kristo, ambayo yalikuwa mazito sana mbele ya mahakimu wake, yanatajwa kwa kupitiwa tu. Ni kweli kwamba Tyson mwenyewe anasema wazi kuwa Bruno hakuwa mwanasayansi na kwamba alibahatisha, lakini sentensi mbili haziwezi kufuta picha ya moto na mahakimu wenye sura za kutisha.

Kinachonisikitisha ni kuwa ubishi huo umekifunika kipindi cha saba, ambacho kwangu ndicho bora kuliko vyote 13. Humo tunamwona mwanakemia Clair Patterson akitafuta umri wa dunia kwa kupima madini ya risasi katika kipande cha kimondo. Anasugua sakafu na meza, anasafisha vyombo upya, na bado vipimo vinamkatalia, kwa sababu risasi imezagaa kila mahali. Alipofanikiwa, alipata miaka bilioni 4.55. Kisha akafuatilia uchafu ule uliomsumbua, akagundua kuwa chanzo chake kikubwa ni petroli iliyotiwa risasi, naye akasimama dhidi ya viwanda vilivyokuwa na wanasayansi wao wa kuvitetea. Hapo mtazamaji haambiwi aamini. Anaoneshwa jinsi ushahidi unavyopatikana, na gharama anayoilipa anayeusema.

Habari hii inatuhusu. Petroli yenye risasi iliondolewa Afrika kusini mwa Sahara mwanzoni mwa mwaka 2006 tu, hivyo wengi wetu tuliokulia kando ya barabara za Nairobi, Kampala na Dar es Salaam tuliivuta hewa hiyo utotoni.

Kituo chochote cha Afrika Mashariki kitakachopata haki ya kuutia mfululizo huu sauti ya Kiswahili, naomba kianze na kipindi hicho cha saba.

Msomaji wenu,
Nairobi